Blogu za mapishi: uzifuatilie kwa barua pepe, RSS, YouTube, Instagram au daftari?

Ramadhani ya mwaka juzi, saa kumi na moja kasoro jioni, mchele wangu wa vibibi, vile vichapati vya mchele na nazi, ulikuwa umeshasagwa kwa tui la nazi, iliki imeshatwangwa, na mkononi nimeshika kijiko cha hamira. Kilichobaki ni kipimo tu. Nilikuwa nimekihifadhi Instagram wiki tatu nyuma, kwenye rili ya dada mmoja ambaye vibibi vyake vilitoboka vitundu kama sega la nyuki. Nikafungua simu. Rili haipo. Akaunti yenyewe haipo. Nikampigia mama, yuko Tanga.

"Shikamoo mama. Mchele vikombe viwili, hamira kiasi gani?"

"Marahaba. Kijiko cha chai, kisijae. Ndiyo unauliza saa hizi, mwanangu?"

Futari ilipita salama, ila vibibi vya kwanza vilitoka vizito kwa sababu unga haukupata muda wa kuumuka. Tangu siku ile nimejaribu karibu kila njia ya kufuatilia watu wanaoandika mapishi mtandaoni, na nimeona tunachanganya kazi tatu tofauti. Kuna kuipata blogu nzuri. Kuna kujua imetoa nini kipya. Halafu kuna kuwa na pishi mkononi siku unayolihitaji, unga ukiwa umeshalowa. Instagram ni hodari kwenye kazi ya kwanza na ni hovyo kwenye ya tatu. Daftari la mama ni kinyume chake kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza "ipi bora", nami nakuuliza: kwa kazi ipi?

Kuzipata: rili au kutafuta Google?

Rili na TikTok zinakuletea bila kuomba. Unatazama mara mbili mtu akikata kachumbari, kesho simu imejaa kachumbari. Kwa kugundua sura mpya hakuna kinachozishinda. Tatizo ni kwamba zinachagua kinachovutia macho: jibini linalovutika, keki inayokatwa, mafuta yanayochachatika. Mtu anayepika mchicha wa nazi wa kawaida, mtamu, wenye rangi ya kijani iliyofifia, hana bahati huko.

Google inataka ujue unachotafuta, na hapo neno utakaloandika ndilo linaloamua. Chakula kimoja kwetu kina majina mengi. Ukiandika "kalimati" unapata mapishi ya Zanzibar. "Kaimati" yanakuja ya Mombasa. "Luqaimat" unaingia jikoni za Muscat na Dubai, ambako donge lilelile la unga humwagiwa asali ya tende badala ya kuzungushwa kwenye shira. Mkate wa kumimina wa Unguja, Mombasa utaukuta kwa jina la mkate wa sinia. Makande ya Dar ni githeri Nairobi, na watu wa pwani ya Kenya wanaita pure. Hata herufi moja inahesabika: Watanzania wengi huandika "maharage", Wakenya "maharagwe", na matokeo yanayokuja si yaleyale.

Nilitafuta mapishi mapya ya kisamvu kwa muda mrefu nikawa napata yaleyale matatu. Jirani yangu mmoja, mama wa Bukavu, akacheka: "Dada, andika sombe." Nikaandika. Dunia ikafunguka: sombe ya mawese, sombe yenye biringanya na samaki wakavu, isombe ya Rwanda na Burundi, na ukiandika "pondu" unafika Kinshasa. Majani ni yaleyale ya muhogo, ila kuna mtu anayeyapika kwa namna ambayo hujawahi kuifikiria.

Kuna ujanja mwingine nilioupata kwa kusoma sana. Ongeza kwenye jina la chakula neno linalotangulia orodha ya vitu. Waandishi wengi wa bara huanza na "Mahitaji". Wa Visiwani mara nyingi huandika "Vipimo", kisha "Namna ya kutayarisha na kupika"; ndivyo ilivyo kwenye ukurasa wa mapishi wa Alhidaaya, ambao una vitu vya Kizanzibari ambavyo sijavikuta kwingine. Ukiandika "vileja vipimo" unaruka takataka nyingi.

Ukitafuta kwa Kiingereza utapata blogu kubwa zaidi na zilizopangwa vizuri. Taste of Tanzania ya Miriam Kinunda na Kaluhi's Kitchen ya Kaluhi Adagala wa Kenya ni za kwetu ingawa lugha ni ya watu. Za mbali, mimi nimeshikilia Smitten Kitchen ya Deb Perelman, ambaye anaandika kutoka jiko dogo la New York tangu 2006. Mtu anayepika mahali padogo tunaelewana. Blogu hizi kubwa zina kero moja maarufu: hadithi ndefu ya likizo kabla hujafika kwenye unga. Ndivyo zinavyopata pesa, matangazo yanakaa katikati ya hadithi. Tafuta kitufe cha kurukia kwenye pishi, karibu zote zinacho juu kabisa.

Ukishaipata blogu, ipime kabla hujaifuata. Mimi ninafungua chakula ninachokijua kwa kichwa, kwa kawaida pilau. Kama pilau ina manjano, ninafunga ukurasa. Rangi ya pilau hutoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa vikawa vya kahawia. Ugomvi huu nimeshaugombana sana, sirudi nyuma. Kipimo chako kinaweza kuwa maandazi au mtori. Mtu akikosea unachokijua, usimwamini kwa usichokijua.

Kufuatilia: hapa ndipo wengi tunapoteza

Nianze na njia ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia, kwa sababu ndiyo niliyoishia nayo. RSS ni ya zamani, ilianza 1999, na inafanya kazi moja tu: kila blogu ina anwani ya pembeni inayotangaza makala zake mpya, na programu yako, yaani kisomaji, inapita kwenye anwani hizo zote na kukupangia mpya juu, ya zamani chini. Hakuna anayekuchagulia. Ukifuata blogu 14, unaona makala za blogu 14, kwa tarehe.

Kuanza ni dakika kumi. Kisomaji cha Feedly, kwa mfano, bila kulipa kinakuruhusu kufuata hadi vyanzo 100, na sijui nani ana muda wa kusoma zaidi ya hapo. Unabandika anwani ya blogu kwenye kisanduku cha kutafutia, yenyewe inajua. Ikigoma, blogu ya WordPress jaribu kuongeza /feed mwishoni mwa anwani; ya Blogspot, ambayo ndiyo nyumba ya blogu nyingi za Kiswahili za zamani, ongeza /feeds/posts/default. Hata chaneli ya YouTube unaweza kuitia humo.

Faida yake kubwa kwa mtu wa bando ni kwamba unasoma vichwa na maandishi kwanza, bila matangazo, kisha unafungua ukurasa mzima wa lile pishi unalolitaka tu. Faida ya pili inaonekana baada ya miezi. Kuna blogu zinazoandika mara moja kwa miezi mitatu, na mara nyingi hizo ndizo nzuri, maana mwandishi amepika kitu mara tano kabla hajakiandika. Kwenye Instagram mtu wa namna hiyo anasahaulika. Kwenye kisomaji amekaa kimya mahali pake, akiandika tu unamwona.

Kasoro zake? Baadhi ya blogu hutoa aya moja tu ili ulazimike kwenda kwenye ukurasa wao. Wapishi wanaoishi Instagram na TikTok peke yake hutawapata. Na visomaji navyo hufa: Google Reader, iliyokuwa inapendwa kuliko vyote, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na watu wengi hawakurudi tena kwenye RSS baada ya hapo. Kwa hiyo mara moja moja toa nakala ya orodha yako. Visomaji vyote vya maana vinaruhusu, na kingine kitaipokea.

Barua pepe ni ndugu yake mwenye adabu zaidi. Huhitaji programu mpya. Unaandika anwani yako, pishi linakuja, na miaka mitatu baadaye ukitafuta neno "tangawizi" kwenye kasha lako linatokea. Barua nyingine huja na pishi zima ndani, kwa hiyo hata blogu ikifungwa kesho, unalo. Hilo RSS haikuhakikishii.

Lakini ina mitego. Gmail hutupa barua hizi kwenye kichupo cha matangazo ya biashara, zinalala huko na ofa za viatu. Na kuna lililotokea 2021 ambalo wengi hawakulijua: blogu nyingi zilikuwa zinatuma barua kupitia FeedBurner ya Google, na Julai mwaka ule Google ikaizima huduma hiyo ya barua. Msomaji akadhani mwandishi amechoka kuandika, kumbe anaandika kama kawaida. Mimi mwenyewe nilimwombea heri dada mmoja nikijua kaacha, nikaja kumkuta na makala arobaini ambazo sijazisoma. Kama una blogu uliyojisajili zamani na imenyamaza, nenda kaichungulie.

Kwa barua pepe ushauri wangu ni huu: zisizidi tano. Zitengenezee lebo yake, mimi yangu naiita Jikoni, na uweke kichujio ili zipite moja kwa moja humo. Zikizidi tano utaanza kuzifuta bila kufungua, na hapo umerudi ulikotoka.

YouTube siilinganishi na hizo mbili kwa sababu inafundisha kitu kingine. Hakuna maandishi yatakayokuonyesha namna ya kuviringisha chapati ya kusukuma iwe na matabaka, au kukunja manda ya sambusa pembe isiachie mafuta yaingie. Mkono unajifunza kwa kuona mkono. Gharama ni bando: video ya dakika 15 kwa ubora wa kati tu huweza kuvuka MB 100. Na kujisajili peke yake hakutoshi, kwa sababu ukurasa wa mwanzo unaonyesha inachotaka YouTube. Gusa kichupo cha usajili, hapo ndipo video za uliowafuata zinapokaa kwa mpangilio wa tarehe.

Instagram nayo ina mlango kama huo ambao watu hawaugusi. Tangu Machi 2022 unaweza kubonyeza nembo iliyo juu na kuchagua kuona uliowafuata tu, kwa mpangilio wa muda, au "vipendwa" ambavyo ni akaunti zisizozidi 50. Ukiweka wapishi wako kwenye vipendwa, unaokoa nusu ya tatizo. Nusu nyingine, ile ya rili kufutwa, inabaki palepale.

WhatsApp nitaipitia haraka. Chaneli ni rahisi kufuata, lakini zilipozinduliwa 2023 WhatsApp yenyewe ilisema historia ya chaneli hukaa siku 30 kwenye hifadhi zake, kwa hiyo usiichukulie kama kabati. Makundi ni barabara ya vurugu: pishi la mbaazi za nazi, halafu tangazo la msiba, halafu video ya paka. Hata hivyo pishi bora nililopata mwaka huu limetoka WhatsApp, kwa wifi yangu aliyeko Muscat (wifi dada wa mume, si ile ya intaneti). Alinirekodia sauti ya dakika nne akieleza harisi, jinsi ngano na nyama zinavyosongwa mpaka zikavutika, huku nasikia mwiko unagonga sufuria. Hakuna blogu itakayonipa hiyo.

Kutunza: kabati lako liko kwa nani?

Ukibonyeza "hifadhi" kwenye Instagram au Pinterest, hujahifadhi chochote. Umeweka alama tu kwenye kitu cha mtu. Akikifuta, alama yako inaelekea hewani. Huduma zilizojengwa makusudi kwa kutunza makala nazo haziaminiki milele: Pocket, ambayo watu waliitumia miaka na miaka, Mozilla iliifunga Julai 2025.

Picha ya skrini ni bora kuliko alama, kwa sababu ni yako. Shida ni kuipata katikati ya picha elfu mbili za harusi na risiti. Kuhifadhi ukurasa kama PDF ni bora zaidi: fungua toleo la kuchapisha la pishi, chagua PDF, lipe jina la chakula kwa Kiswahili unachokitumia nyumbani. "Mkate wa kumimina", si jina refu la Kiingereza ambalo mwakani hutalikumbuka. Programu kama Paprika hufanya kazi hii kwa ustadi zaidi: unaipa anwani ya pishi, inachomoa mahitaji na hatua, hadithi ya likizo inabaki nje. Unalipa mara moja, ila simu na kompyuta kila kimoja na bei yake. Kwa anayepika vitu vitatu kwa wiki sioni haja. Kwa anayeuza keki na anahitaji kuzidisha vipimo mara nne bila kukosea, inalipa.

Halafu kuna daftari, na hapa naomba nikae kidogo.

La mama ni daftari la kaunta, jalada gumu, kurasa za katikati zimekuwa za uwazi kwa samli. Ukurasa wa vileja una alama ya kidole cha mtoto, ambaye nasikia ni mimi. Pembeni ya kila pishi kuna maneno mafupi: "sukari punguza", "moto chini", "Idd ya mvua, hazikukauka". Hayo ya pembeni ndiyo mali. Pishi la mtandaoni ni la jikoni kwa mtu mwingine, na lazima litafsiriwe kwenye jiko lako hata kama limeandikwa kwa Kiswahili.

Chukua mfano wa hamira. Blogu ya Marekani ikisema pakiti moja, pakiti ya kwao ni gramu 7. Pakiti ndogo nyingi za madukani kwetu ni gramu 11. Ukitia yote, mkate unaumuka kama una hasira, kisha unaporomoka kwenye oveni na kunuka pombe. Kikombe chao ni mililita 240 hivi, cha Australia ni 250, na kijiko cha chakula cha Australia ni mililita 20 wakati cha wengine ni 15. Oveni ya 350 ni ya Farenhaiti. Kwako ni 180 kasoro kidogo. Niliwahi kutaka kuweka 350 kwenye oveni yangu, na kwa kuwa kipimo kilikuwa hakiandiki zaidi ya 250, nikasema basi niweke mwisho kabisa. Keki ilikuwa nyeusi nje, uji ndani.

Kwa hiyo kinachoingia kwenye daftari langu ni pishi lililokwisha kupikwa walau mara mbili, kwa gramu, kwa hamira yangu, kwa oveni yangu. Sinakili blogu. Juu naandika jina la blogu na tarehe, ili nikitaka kurudi nijue nilipolitoa. Blogu ikiwa imekufa, ninabandika anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za kurasa za zamani. Mara nyingi kuna nakala, ingawa picha huwa zimepotea.

Basi uchague nini?

Kama bando ni dogo na unasoma zaidi ya kutazama, nenda RSS leo, na video uziache kwa siku ya intaneti ya ofisini. Kama neno RSS limeshakuchosha kabla hujaanza, chagua blogu tatu na ujisajili kwa barua pepe. Zitakutosha mwaka mzima. Kama ndiyo kwanza unajifunza kupika, YouTube, tena fuata wapishi wawili tu mpaka uwazoee mikono. Ukiwa Ulaya au Marekani na unatafuta ladha ya nyumbani, tafuta kwa majina yote ya chakula hicho, kisha muulize shangazi kwenye WhatsApp kabla hujaamini. Anayeuza vitafunio asiwe na sababu ya kukosa programu ya kutunza mapishi na daftari, vyote viwili, maana mteja hataki kusikia habari za rili iliyofutwa.

Mimi nina blogu 14 kwenye Feedly, barua nne chini ya lebo ya Jikoni, wapishi tisa kwenye vipendwa vya Instagram, na daftari. Jumapili asubuhi, chai ikiwa inachemka, ninapita kwenye kisomaji kwa nusu saa na kuchagua kitu kimoja cha kupika wiki hiyo. Kimoja tu.

Mwezi uliopita moja ya hizo 14 ilitoa vibibi. Nikamsomea mama kwa simu, kipimo kwa kipimo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema sukari ni nyingi na haikutajwa iliki inatiwa lini.

"Mwandikie huyo dada," akasema. "Mwambie kwa upole."

Nimemwandikia. Bado sijapata jibu.